Nilitaka Zanzibar, Nikapelekwa Msanzi

Mpenzi msomaji, naomba nianze kwa kukiri. Mwaka jana niligombana na mume wangu siku tatu mfululizo kwa sababu ya bahari.

Ulikuwa mwaka wetu wa sita wa ndoa. Nilikuwa na likizo ya siku kumi, baada ya kubanwa na kurasa za jarida tangu Januari, na kichwani nilishapanga kila kitu: Nungwi, mchanga mweupe, juisi ya ukwaju yenye barafu, simu zimezimwa, jioni miguu ndani ya maji. Nguo ya kuogelea nilishainunua Kariakoo, pamoja na mitandio miwili ya ufukweni na miwani ya jua ya kujidai. Basi mwenzangu akaja jikoni, akafungua friji, akaifunga bila kuchukua kitu (hapo nikajua kuna jambo), akasema, "Mke wangu, Juni hii twende nyumbani. Mama anauliza."

Nyumbani kwao ni Msanzi. Kama hujui Msanzi iko wapi usione haya, hata mimi mwaka niliochumbiwa niliitafuta kwenye ramani kwa siri. Iko wilaya ya Kalambo, mkoa wa Rukwa, juu kwenye uwanda wa Ufipa, kule kusini magharibi ambako ukisogea kidogo tu unaingia Zambia. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,100.

"Na huko bahari ipo?" nikamuuliza kwa kejeli.

"Ipo," akajibu bila hata kutabasamu. "Utaiona."

Siku ya kwanza nikanuna. Siku ya pili nikapandisha sauti. Siku ya tatu aliniuliza swali moja tu: "Hivi wewe unaogopa nini kwetu?" Nikakosa jibu la kumpa, kwa sababu jibu nililokuwa nalo lilikuwa la aibu. Nikakubali safari.

Jibu lenyewe hili hapa

Miaka sita ya ndoa, na nilikuwa sijakanyaga kwao hata mara moja. Mama mkwe alikuja Dar kwenye harusi, akaja tena mara moja kutibiwa macho, basi. Kila tukipanga kwenda nilikuwa na sababu: kazi, nauli, mafua, mvua. Sababu ya kweli ni jina. Sumbawanga.

Wewe mwenyewe unajua. Mtu akisema mkwe wake anatoka Sumbawanga, mezani lazima mmoja acheke na mwingine aulize kama ameshajifunza kupanda ungo. Ofisini walinitania hivyo tangu wiki ya kwanza ya pete. Nilicheka nao. Lakini mwaka wa pili wa ndoa ukapita bila mtoto, wa tatu ukapita, na utani ule ukaanza kunifuata kitandani. Mwaka wa nne shangazi yangu akaniweka chini, akashusha sauti, akaniambia, "Mwanangu, wewe huoni? Umefungwa. Na aliyekufunga unamtumia pesa ya matumizi kila mwezi."

Nina shahada ya mawasiliano. Nimehariri makala zisizo na idadi za kuwaambia watu waache imani za namna hiyo. Nilimjibu shangazi kwa ukali. Halafu nikafanya jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

Kila mwaka, baada ya mavuno, mama mkwe hutuma mzigo kwa basi: unga wa ulezi, maharage, wakati mwingine karanga. Mwenzangu anakwenda kuuchukua stendi usiku, anafika nyumbani anatabasamu kama mtoto. Kuanzia siku ile ya shangazi, mzigo ule haukuingia tena kwenye sufuria yangu. Nilisubiri aende kazini, nikampa mlinzi wa jirani. Mume akiuliza nasema umekwisha, au umeingia wadudu. Halafu nampigia mama mkwe simu: "Mama, asante sana kwa mzigo, mtamu jamani."

Hicho ndicho nilichokuwa naogopa kwao. Nilikuwa namwogopa mwanamke wa watu, na nilikuwa naogopa zaidi kumtazama usoni.

Baridi, na tonge la kwanza

Ukitoka Mbeya unafika Tunduma, mpakani, pale malori yanapopanga foleni utadhani hayana mwisho. Basi la Sumbawanga linaacha njia ya Zambia na kuanza kupanda. Zamani barabara hii ilikuwa vumbi na matope, leo ni lami. Na unavyopanda nchi inafunguka. Miti inapungua, majani yanabaki, ng'ombe wanaonekana kama punje za mtama kwa mbali, na upepo unakuja bila kizuizi. Sumbawanga mjini iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Juni kule ni baridi, tena baridi ya kweli. Na mimi, bibie, begini nina mitandio miwili ya ufukweni.

Mjini tulilala usiku mmoja. Mwenye nyumba ya wageni, mzee mcheshi, aliniona nimejikunyata akaniuliza kama nimeogopa jina la mji wao. Nikacheka kinafiki. Akasema wenyewe hulieleza hivi: kwa Kifipa "sumba" ni tupa, na "wanga" ni uchawi. Anayeingia hapa autupe uchawi wake nje ya mji. "Sisi ndio tuliokataza," akasema, "halafu ninyi mkatubandika."

Kesho yake tukaelekea Msanzi kwa gari la kukodi. Njiani utaona mashamba yenye vituta vya mviringo, kimoja kimoja, mamia kwa mamia. Wafipa huviita ntumba. Majani hufukiwa ndani ya kituta, yakioza yanakuwa mbolea, halafu wanapanda juu yake. Ni kilimo cha kale na watafiti wamekiandikia vitabu. Hawa pia ni watu waliokuwa wakiyeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo, malungu, kabla ya chuma cha dukani kuwaharibia soko. Mwenzangu alikuwa ananionyesha kila kitu huku na huku kama kondakta, nikagundua kwamba kwa miaka sita nilikuwa nimelala na mtu ambaye sikuwahi kumwona akijivuna.

Mama mkwe alitupokea mlangoni kwa makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, namna wazee wa huku wanavyoamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuja na nguo za Dar?"

Akaingia ndani, akatoka na sweta lake la kahawia lenye kiraka kiwikoni, akanivalisha mwenyewe na kunifunga vifungo kama mtoto wa chekechea. Lilikuwa linanukia moshi wa jikoni. Nikasimama kimya, naona aibu.

Jioni, chakula. Ugali wa ulezi, mweusi mweusi, unavuta mvuke, na maharage. Unga ule ule na maharage yale yale. Nikaukodolea macho kama mtihani wa hesabu. Mama mkwe alinawa, akamega tonge la kwanza yeye, akachovya, akala polepole huku ananitazama. Halafu akanisogezea sahani. "Karibu."

Nikala. Msomaji wangu, ulezi una ladha fulani ya udongo uliotoka kunyeshewa. Nilikula hadi nikaona haya. Mama mkwe hakusema kitu, aliongeza tu.

Watu watatu kwenye fungate

Mpango wa mwenzangu ulikuwa hivi: siku mbili tatu nyumbani, halafu mimi na yeye peke yetu tuende maporomoko ya Kalambo, tushuke Kasanga ziwani, tulale huko. Fungate ya pili, alivyoiita. Saa kumi na mbili asubuhi dereva akafika. Tunatoka na mabegi, tunamkuta mama mkwe ameshakaa kiti cha mbele, kitenge kipya, mkoba mapajani, mkanda ameufunga.

"Nina miaka sabini na kitu," akasema bila kugeuka. "Maporomoko yenyewe nayasikia tangu nizaliwe. Nikingoja kualikwa nitakufa."

Mwenzangu akanitazama kwa macho ya kuomba radhi. Tukapanda nyuma, fungate ikaanza.

Njia inapitia Matai, makao makuu ya wilaya ya Kalambo iliyoanzishwa mwaka 2012, halafu unaiacha lami na kukamata vumbi kuelekea kijiji cha Kapozwa. Getini unalipa kiingilio cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, wanaosimamia hifadhi. Unatembea kidogo. Unaanza kuisikia sauti kabla hujaona kitu. Halafu ardhi inakatika.

Mto Kalambo ndio mpaka wa Tanzania na Zambia. Unakuja umetulia juu ya uwanda, halafu kwa ghafla unaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, moja kwa moja, bila kugusa ngazi yoyote ya mwamba. Victoria, maarufu kuliko yote, yanaanguka kama nusu ya hapo. Kalambo hutajwa miongoni mwa maporomoko marefu kuliko yote Afrika, na asubuhi ile tulikuwa watu sita tu, pamoja na mhifadhi. Kwenye kuta za bonde wanaishi korongo wakubwa wenye vipara na mifuko shingoni, wale wale wanaochakura majalalani mijini. Pale Kalambo wanaelea chini yako, mabawa yametandazwa, utadhani ni viumbe wengine kabisa.

Mama mkwe alishika chuma cha uzio kwa mikono miwili, akanyamaza muda mrefu. Mwishowe akasema, "Kumbe." Neno hilo moja tu.

Mhifadhi alitueleza pia jambo nililokuwa nimelisoma. Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, watafiti wamekuwa wakichimba tangu miaka ya 1950, na mwaka 2023 walitangaza ugunduzi wa magogo mawili yaliyounganishwa, moja limechongwa nafasi ili lingine likae juu yake. Umri wake ni miaka 476,000 hivi, kabla binadamu wa aina yetu hajakuwepo duniani. Mhariri wa jarida la mahusiano akisikia habari za vitu viwili vilivyochongwa ili vikae pamoja, lazima atafute funzo. Nikaanza kumwambia mwenzangu, akanikatiza: "Tafadhali, uko likizo."

Kuna ngazi za kushuka bondeni. Mama alibaki juu na mhifadhi, sisi tukashuka. Kushuka ni raha, kupanda ndiyo shughuli. Katikati ya kupanda mwenzangu akasimama, mikono magotini, anahema. Nikadhani amechoka tu.

"Jana usiku mama kaniuliza," akasema. "Eti mmeshapima wote wawili? Nikanyamaza."

Mimi nilishapima mara tatu, peke yangu. Kila mara daktari ananiambia, kwangu hakuna tatizo linaloonekana, mlete mwenzio. Kila mara mwenzio ana kikao. Tulishagombana hadi tukaacha hata kulitaja.

"Nilikuwa naogopa ikiwa ni mimi," akasema. "Nitaenda. Tukirudi, nitaenda."

Sikumjibu. Nilimshika mkono tukamalizia ngazi, yeye anahema, mimi nalia kidogo, na huko juu mama mkwe anatupungia kitenge.

Bahari aliyoniahidi

Kutoka huko juu, barabara ya Kasanga inashuka, inashuka tena. Kadiri unavyoshuka sweta linakuwa zito. Mara embe, mara michikichi, mara joto la kweli la pwani linakupiga usoni, na ukikata kona moja unaona maji mpaka mwisho wa macho.

Nilishasoma shuleni habari za Ziwa Tanganyika kama kila mtu: urefu wa kama kilometa 670, kina cha karibu mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, nchi nne zinalichangia. Tarakimu zile hazikuniandaa kwa kitu kimoja: mawimbi. Lina mawimbi, lina mchanga, lina harufu ya samaki na mitumbwi iliyogeuzwa kifudifudi, lina watoto wanaopiga mbizi kutoka kwenye mawe. Maji ni maangavu, unaviona visamaki vya rangi rangi vikizunguka mguu wako. Zipo aina zaidi ya mia mbili za samaki, wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Kitu pekee ambacho halina ni chumvi.

"Haya," mwenzangu akaniambia, "bahari hiyo."

Nikatoa mtandio wangu, mpenzi msomaji. Haukuwa umesafiri bure.

Kasanga ni mji mdogo wenye historia kubwa kuliko ukubwa wake. Kwenye rasi iliyoingia ziwani yako magofu ya boma la Wajerumani. Walilijenga mwishoni mwa karne ya 19, wakauita mji Bismarckburg, na kutoka hapo wakaitawala Ufipa. Juni 1916 walilikimbia usiku kwa njia ya maji, Waingereza wakaingia. Leo ni kuta, nyasi na mandhari ya kukuacha mdomo wazi.

Hapa pia ndipo ilipokuwa ikitia nanga Liemba. Meli ile ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli na treni hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiichukue. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikaanza kubeba abiria kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, ikiitwa Liemba, jina la zamani la upande huu wa ziwa. Vituo vingi havina gati, kwa hiyo ilikuwa inasimama katikati ya maji, mitumbwi inaizunguka, watu wanapanda na mbuzi wao. Imetumika zaidi ya miaka 90 kabla ya kuwekwa kando kusubiri matengenezo makubwa.

Mama mkwe aliijua Liemba. Akiwa msichana walishuka kutoka uwandani na mahindi kichwani, wakabadilishana na dagaa, wakapanda tena. Alikuwa hajarudi kwa zaidi ya miaka thelathini. Alivua viatu, akaingia majini hadi kwenye vifundo vya miguu, kitenge amekikusanya, akasimama pale.

Jioni tukakaa mchangani na migebuka wa kuchoma. Mwenzangu alikwenda kutafuta soda. Tukabaki wawili. Sikuwa nimepanga kusema, ila niliona nisiposema hapo sitasema tena.

"Mama, ule unga unaotutumia..."

"Unampa nani?" akauliza, huku anatoa miba.

Nikahisi mwili umekufa ganzi.

"Kuna mwaka ukame ulinipiga," akaendelea, "sikuwa na maharage, nikatuma karanga tu. Ukanipigia simu, 'Asante mama, maharage yako matamu.'" Akacheka, lakini kidogo. "Nikajua. Ndiyo maana juzi nilianza mimi kula. Ili uone."

Nikalia vibaya, kilio cha kamasi. Akaniacha nilie. Halafu akaniambia hadithi yake, bila kunitazama, anatazama maji.

Kabla ya mume wangu zilitoka mimba tatu. Na yeye aliambiwa ni mama mkwe wake. Jirani alimwambia, na ndugu zake wakamwambia. Mume wangu alipozaliwa akamficha. Miaka miwili bibi hakumbeba mjukuu. Akija anaambiwa mtoto amelala. "Halafu siku moja nikaletewa habari kwamba amefariki. Kwenye nyumba yake nikakuta kijisweta kidogo amekisuka, kimemalizika upande mmoja. Mtoto alishakuwa mkubwa, kisingemwingia tena."

Akanawa mikono kwenye mawimbi.

"Sikukwambia ule unga," akasema, "kwa sababu nilijua unavyojisikia. Lakini mimi sitaki kufa mkono mmoja."

Mwenzangu akarudi na soda tatu, akatukuta tumekaa tumeegemeana, macho mekundu. Akauliza nini. Mama akamjibu moshi.

Nilimwambia mume wangu usiku ule, mwenyewe, kila kitu. Alikasirika. Alitoka nje akakaa ufukweni saa nzima, na nilistahili. Aliporudi alisema, "Mlinzi wa jirani? Ndiyo maana alinenepa." Tukacheka hadi mama akagonga ukuta.

Tuliporudi

Tulipima, wote wawili, siku moja, benchi moja. Majibu ni yetu na daktari, naomba ubaki nje ya mlango huo. Nitasema tu kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilieleza kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya sita hukutana na tatizo la kupata mtoto katika maisha yake, na kwamba linaweza kuwa kwa mwanamke, kwa mwanamume, au kwa wote wawili. Ukipima peke yako umepima nusu. Mtoto bado. Tunaendelea na matibabu.

Septemba mzigo ulikuja. Unga, maharage, na kifurushi cha karanga kimeandikwa kwa kalamu ya wino, herufi kubwa za mjukuu wa jirani: KARANGA. Ili nisikosee. Shangazi alipokuja kunitembelea nikampikia uji wa ulezi. Aliuliza umetoka wapi. Nikamwambia. Akakishika kikombe muda mrefu. Mwishowe akanywa.

Ukitaka kwenda

Mvua za Rukwa ni kati ya Novemba na Aprili. Maji ya Kalambo ni mengi kuelekea mwisho wa mvua, lakini njia ya vumbi inakuwa na utelezi, kwa hiyo Mei na Juni ni wakati mzuri. Baadaye maji yanapungua sana.

Kodi gari Sumbawanga, mkubaliane bei na njia mapema. Chukua pesa taslimu, na uhakikishe simu ina chaji.

Beba sweta kwa ajili ya uwandani na nguo nyepesi kwa ajili ya ziwani. Zote, siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuogelea uliza wenyeji sehemu salama. Ziwa lina mamba mahali mahali, na kwenye maji yaliyotuama yenye majani kuna kichocho.

Ukibakiwa na siku moja, msitu wa Mbizi uko juu ya mji wa Sumbawanga, una mbega wekundu. Sisi tuliwaona wakati wa kurudi, mama mkwe akiwaambia waache kelele.

Na kama mwenzio ana kwao ambako hujawahi kufika, muulize kuna nini cha kuona. Zanzibar haihami. Mwaka huu tumepanga kwenda, mwezi wa tisa, na tumeshakata tiketi za boti.

Tatu.